Mjusi wa Tendaguru si Mjusi

Katika pwani ya Kilwa na Lindi neno mjusi halihitaji kufafanuliwa. Mjusi kafiri hupanda kuta za nyumba usiku akiwinda wadudu penye taa. Guruguru huchimba shimo lake ardhini. Kenge hunyemelea mayai na vifaranga. Hata hivyo, neno hilo hilo lina maana ya pili. Mtu akitaja "mjusi wetu aliyeko Ujerumani", msikilizaji anafahamu mara moja kwamba hazungumzii mnyama wa ukutani, bali mifupa mikubwa iliyochimbwa katika kilima cha Tendaguru, yapata kilomita 60 kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Yafaa kuchunguza jinsi neno moja lilivyobeba maana hizo mbili, na hasara inayopatikana zinapochanganywa.

Asili ya jina

Mwaka 1842 mtaalamu wa Uingereza, Richard Owen, alichapisha jina jipya la kundi la wanyama wa kale ambao siku hizo walijulikana kwa mifupa michache tu. Aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki: deinos, yaani "-a kutisha", na sauros, yaani "mjusi". Hiyo ndiyo asili ya neno dinosauri. Owen mwenyewe alitambua kuwa miguu ya wanyama hao ilisimama chini ya miili yao, tofauti na ya mijusi. Lakini neno sauros lilikuwa limekwisha kuzoeleka kwa wataalamu kuwa jina la reptilia wengi wa kale, naye akalitumia. Kiswahili kinaposema "mjusi wa Tendaguru" kinafuata njia ile ile: kinakitaja kitu kigeni kwa jina la kitu kinachojulikana. Hilo si kosa la lugha, kwani ndivyo lugha zote zinavyokua. Kosa huanza pale jina linapochukuliwa kuwa maelezo ya kisayansi.

Tofauti zilizomo katika mifupa

Mjusi akitembea, miguu yake hutanuka kando na tumbo lake hukaribia ardhi. Dinosauri alisimama kama ng'ombe asimamavyo, miguu ikiwa imenyooka chini ya kiwiliwili na kubeba uzito wake kama nguzo. Dalili yake imo katika nyonga: mahali unapoingia mfupa wa paja pana tundu lililo wazi, ambalo mjusi hana.

Nasaba nayo ni tofauti. Ukoo wa mijusi na ukoo uliowazaa mamba, dinosauri na ndege ulitengana zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Wahenga walisema kwamba msafara wa mamba na kenge wamo. Kwa macho wawili hao hufanana, lakini kwa nasaba mamba yuko karibu zaidi na ndege kuliko alivyo karibu na kenge. Aidha, ndege wenyewe walitokana na dinosauri wadogo waliotembea kwa miguu miwili. Kwa hiyo, mwenye kutaka kumwona jamaa wa karibu wa mnyama wa Tendaguru asitazame ukutani alipo mjusi. Amtazame kuku uani. Hata pingili za shingo za jitu hilo zilikuwa na mianya ya hewa, kama zilivyo pingili za ndege.

Jina na mkao wa mifupa

Mwaka 1906 mhandisi wa madini Bernhard Wilhelm Sattler aliiona mifupa hiyo, kusini ya mto Mbwemkuru, ikiwa imejitokeza juu ya ardhi. Kati ya mwaka 1909 na 1913, wakati wa utawala wa Wajerumani, makumbusho ya Berlin iliendesha uchimbaji chini ya wataalamu kama Werner Janensch na Edwin Hennig. Kazi yenyewe ilifanywa na mamia ya Waafrika, na Boheti bin Amrani alikuwa msimamizi wao mkuu. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa na wapagazi, kwa mwendo wa siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi.

Mwaka 1914 Janensch alimpa mkubwa wao jina la Brachiosaurus brancai; siku hizi wataalamu wengi humwita Giraffatitan brancai, yaani jitu mfano wa twiga. Aliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Kiunzi chake, chenye kimo cha zaidi ya meta 13, kilisimamishwa Berlin mwaka 1937. Wakati huo viwiko vya miguu ya mbele vilipindwa kuelekea nje na mkia ukalazwa chini, mkao unaomkumbusha mtazamaji mjusi au mamba. Kiunzi kilipojengwa upya na kuonyeshwa tena mwaka 2007, miguu ilinyooshwa na mkia ukainuliwa. Mifupa haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni fikra za watu juu yake.

Mmoja au wengi?

Neno mjusi, likitajwa kwa umoja, lina hasara nyingine. Bungeni na magazetini suala la kurudishwa kwa "mjusi" limejadiliwa mara nyingi. Lakini mifupa ya Tendaguru si ya mnyama mmoja, wala si ya aina moja. Yumo Kentrosaurus, mwenye vibao na miiba mgongoni. Yumo Dicraeosaurus, mwenye shingo fupi kuliko jamaa zake. Wamo Elaphrosaurus na Dysalotosaurus, waliotembea kwa miguu miwili. Pamoja na hao mamia ya mifupa mingine ingali ikichunguzwa. Anayefikiri kuwa kilichoondoka ni mjusi mmoja anakadiria kidogo sana, iwe anataka kiunzi kirudishwe au anataka faida ya utafiti igawanywe kwa haki.

Matumizi ya kila siku

Katika Kiingereza neno dinosauri hutumika pia kwa dharau, kumtaja mtu au kitu kilichopitwa na wakati. Matumizi hayo hayapatani na ushahidi. Dinosauri walitawala nchi kavu kwa zaidi ya miaka milioni 130, na walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, isipokuwa ule ukoo wa ndege. Binadamu wa aina yetu hajatimiza hata miaka milioni moja.

Mwalimu anaweza kuonyesha hoja hii bila gharama kubwa. Wanafunzi wamchunguze mjusi anavyotembea, kisha kuku. Wachore mkao wa miguu ya kila mmoja, na waamue ni upi unaoweza kubeba tani nyingi. Wakimaliza, waulizwe dinosauri wa Tendaguru awekwe upande gani. Nyumbani na barazani jina la mjusi litaendelea kutumika, wala hapana haja ya kulipiga marufuku. Darasani na katika mtihani, mwanafunzi aandike dinosauri, naye aweze kueleza kwa nini.