Si Kila Akeshaye Ana "Insomnia"

Katika miji ya Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda, liko neno moja la Kiingereza ambalo limetoka katika vitabu vya waganga na kuingia katika mazungumzo ya kila siku. Neno hilo ni "insomnia". Karani aliyechelewa kazini hulitaja mbele ya mkuu wake. Mwalimu anayepiga miayo darasani hulitaja kwa wenzake. Na mteja aliyesimama mbele ya duka la dawa hulitaja anapotaka kuuziwa vidonge vya usingizi. Kila mmoja hudhani kwamba amesema jambo lile lile, yaani hakulala. Kumbe karani alikuwa matangani usiku kucha, mwalimu alikuwa akisahihisha mitihani mpaka alfajiri, na huyo wa tatu peke yake ndiye aliyejilaza kitandani tangu saa nne usiku, akagaagaa mpaka majogoo bila kupata hata lepe la usingizi. Kwa Kiingereza fasaha ni huyo wa tatu tu anayekaribia kuwa na haki ya kulitumia neno hilo, na hata yeye inambidi angoje kidogo.

Asili ya neno ni Kilatini. "In" hukanusha, na "somnus" ni usingizi. Basi maana yake ya shina ni kutokuwa na usingizi. Hata hivyo maana ya shina si lazima iwe ndiyo maana ya matumizi. Waingereza husema mtu "ana" insomnia, au "anateswa" nayo, kama vile mtu alivyo na homa. Hawasemi kwamba mtu "alifanya" insomnia, wala kwamba aliamua kuwa nayo kwa ajili ya mgonjwa au mgeni. Ni hali inayomjia mtu pasipo hiari yake: kitanda kipo, usiku upo, nafasi ya kulala ipo, lakini usingizi wenyewe haupo. Yule aliyekaa macho kwa wajibu au kwa kupenda wanamwita kwa maneno mengine kabisa.

Katika jambo hili Kiswahili hakina haja ya kuazima, kwa sababu kimelitenganisha zamani. Kukesha kunatokana na kucha. Akeshaye ni kama mtu anayeufanya usiku uche. Yeye ndiye mtendaji. Waganda nao wana jozi hiyo hiyo: kwao "okukya" ni kucha, na "okukeesa" ni kukesha, jambo linaloonyesha kwamba fikra hii ni ya zamani kuliko mipaka ya lugha hizi. Kutokana na kitenzi hicho tumepata mkesha wa sikukuu na mkesha wa msiba. Kwa upande wa pili yako maneno ya mtu aliyetendwa: kukosa usingizi, usingizi kumpaa mtu, kulala mang'amung'amu, kuamka kabla ya wakati na kushindwa kurudi usingizini. Ni kweli kwamba wapo wasemao "nimekesha" hata kwa usiku wa kugaagaa, na lugha haiwakatazi. Lakini mganga akiambiwa na mgonjwa kwamba amekesha, na akaishia hapo, bado hajajua lolote la kumsaidia.

Tuanze na Jinja. Mji huu uliopo pale Mto Naili unapotoka katika Ziwa Viktoria ni mji wa mashine zisizolala. Bwawa la umeme la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na umeme wake ukaleta viwanda, kikiwamo kile mashuhuri cha nguo cha Nyanza, yaani Nytil. Upande wa mashariki ya mji kiko kiwanda cha sukari cha Kakira, kilichoanzishwa na Muljibhai Madhvani mwaka 1930. Miwa ikishakatwa haingoji, nayo mitambo ya kuikamua huendeshwa kwa zamu, usiku na mchana.

Mfanyakazi wa zamu ya usiku hurudi nyumbani wakati jirani zake wanawasha majiko. Anajilaza saa mbili asubuhi. Jua limekwisha kuchoma mabati, redio ya jirani inaimba, watoto wanacheza nje ya dirisha. Saa tano yuko macho, naye anasema ana insomnia. Hana. Ndani ya ubongo wa binadamu imo saa inayofuata mwanga na giza, nayo inamwambia kwamba mchana si wakati wa kulala. Wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembechembe za mwili. Mtu huyu angepewa chumba chenye giza na kimya, na siku kadhaa za zamu isiyobadilika, angelala kama pono. Dawa yake ya kwanza ni kitambaa kizito dirishani, na mama wa nyumba mwenye kauli ya kuwaambia watoto na majirani kwamba baba amelala. Si jambo dogo hilo. Nyumba nyingi za vyumba viwili, ambamo kupika, kufua na kuishi hufanyika pamoja, huliona gumu kuliko kununua vidonge.

Na vidonge ndipo hatari inapoanzia. Dawa za jamii ya diazepamu, ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la Valium, huzoeleka mwilini. Aliyeanza na kimoja hutaka viwili, na akiacha ghafla hukosa usingizi kuliko hapo mwanzo. Zikichanganywa na pombe zinaweza kupunguza pumzi hata mtu akafa. Daktari anapozitoa huzitoa kwa muda mfupi na kwa sababu anayoijua. Kumpa mtu wa zamu ya usiku dawa hizi kwa sababu tu amelitaja neno la Kiingereza ni kumtibu neno, si mtu.

Ukitoka Jinja kwa barabara ya Iganga na Tirinyi unafika Mbale, chini ya mlima Wanale, na huko usiku una shughuli nyingine. Katika miaka inayogawanyika kwa mbili Wamasaba hufanya jando lao, imbalu, ambalo hufunguliwa rasmi mwezi wa Agosti katika uwanja wa Mutoto. Vijana huzunguka kwa jamaa zao wakicheza, njuga zikilia mapajani, miili imepakwa unga, nayo ngoma hufuatana nao mpaka usiku mkubwa. Usiku wa kuamkia siku ya kukatwa si wa kulala. Kijana anatakiwa asimame asubuhi bila kupepesa macho, mbele ya ukoo wake wote, na waliomzunguka usiku huo wanashiriki katika kumtia moyo. Mtu akiwauliza wazee wa Mbale kama huo ni ugonjwa watamcheka. Huo ni mkesha, na siku mbili tatu baadaye kila aliyekesha amekwisha kulipa deni la usingizi.

Basi, insomnia yenyewe ni ipi? Waganga wa leo wameiwekea mpaka. Ili iitwe sugu, mtu awe anashindwa kuupata usingizi, au kuendelea nao, au anaamka mapema mno, angalau siku tatu kwa wiki, kwa muda wa miezi mitatu au zaidi, ingawa ana nafasi ya kutosha ya kulala. Na tena mchana wake uwe umeharibika kwa uchovu, hasira au kusahau. Ndiyo maana yule mteja wa duka la dawa tuliyemwacha akigaagaa inambidi angoje kidogo. Usiku mmoja wa mawazo juu ya karo za shule ni usiku mmoja wa mawazo. Ikiwa usiku wa namna hiyo umekuwa desturi, aende kwa mganga, kwa kuwa nyuma ya kukosa usingizi mara nyingi huwa kuna huzuni kubwa, maumivu, pombe, au maradhi mengine.

Tiba inayotangulizwa siku hizi si kidonge. Mwaka 2016 Chuo cha Matabibu cha Marekani kilishauri kwamba watu wazima wenye tatizo sugu waanze na mafunzo ya kubadili mazoea na fikra juu ya kulala. Mengi katika hayo yanaweza kufuatwa katika nyumba yoyote: kuamka saa ile ile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya, kutolala mchana kutwa ili kufidia, kwenda kitandani pale tu usingizi unapokuja, na ukipita muda wa kama dakika ishirini bila usingizi, kuondoka kitandani na kukaa mahali penye mwanga hafifu mpaka macho yawe mazito. Kuitazama saa kila mara ni kujichochea. Kahawa nayo isisahauliwe, hasa Mbale ambako buni ya mlimani ndiyo fahari ya mji: nusu ya kilevi chake cha kuamsha huweza kubaki mwilini saa tano baada ya kunywa, na chai nayo inacho, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi. Mairungi yanayotafunwa na madereva na walinzi wa usiku hayahitaji maelezo. Yanatafunwa kwa kazi hiyo hiyo.

Yote hayo ni ya kusumbua, lakini hayamuui mtu upesi. Liko jambo moja linaloua, nalo limo katika nchi hii hii baina ya Jinja na Mbale. Ni malale, ambayo Waganda waliyaita mongota, yaani ugonjwa wa kusinzia. Mwanzoni mwa karne iliyopita, kati ya mwaka 1900 na 1920, ugonjwa huu uliua watu zaidi ya laki mbili na nusu katika Buganda na Busoga, hasa kandokando ya ziwa. Daktari David Bruce alionyesha mwaka 1903 kwamba unaenezwa na mbung'o, na kabla ya mwaka 1910 Gavana Hesketh Bell alikuwa amewaamuru watu wahame ufukoni na visiwani. Ulirudi Busoga mwaka 1976, wakati mashamba ya kahawa na pamba yalipokuwa yametelekezwa katika kuanguka kwa uchumi wa enzi za Idi Amin, na vichaka vya lantana vikawapa mbung'o makazi mpaka nyuma ya nyumba za watu. Mwaka 1998 ulizuka Soroti, ambako haukuwa umejulikana, ukiwa umefika pamoja na ng'ombe walionunuliwa mnadani. Hiyo ndiyo tabia ya malale ya mashariki: vimelea vyake hukaa ndani ya ng'ombe asiyeonekana kuumwa.

Jina la ugonjwa huu linawapoteza watu. Wasikiapo "kusinzia" hudhani mgonjwa hulala usiku na mchana. Wataalamu waliopima usingizi wa wagonjwa waliona kwamba jumla ya saa zao za kulala haiongezeki sana. Kinachovunjika ni utaratibu. Vimelea vikishaingia katika ubongo, usiku mgonjwa huwa macho, hutembea, husema peke yake. Mchana hupitiwa na usingizi katikati ya mazungumzo. Kabla ya hapo hutanguliwa na homa, kuumwa kichwa na viungo, mambo ambayo kila mtu huyaita malaria. Asipotibiwa, malale ya namna ya mashariki huweza kumuua katika miezi michache.

Sasa mtu wa aina hiyo akiletwa na jamaa zake kwa neno moja tu, "insomnia", akapewa vidonge vya kulala na kurudishwa kijijini, ubongo wake unaendelea kuliwa. Wagonjwa wamebaki wachache mno siku hizi, na uchache huo ndio unaoweza kumfanya hata mganga asiufikirie ugonjwa wenyewe. Tiba ipo. Zamani waliofikia hatua ya ubongo walichomwa melasoproli, dawa yenye asili ya aseniki ambayo yenyewe iliwaua baadhi yao. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika mwongozo wake dawa ya vidonge iitwayo feksinidazoli, iliyojaribiwa kwa wagonjwa wa Uganda na Malawi. Humezwa siku kumi pamoja na chakula, chini ya uangalizi wa waganga.

Mama anayempeleka mumewe zahanati hana haja ya Kiingereza. Mganga hatakiwi kuambiwa jina la ugonjwa. Anatakiwa kuambiwa alichokiona mke.

"Mzee halali usiku, daktari. Anatoka nje, anazunguka ua."

"Na mchana, mama?"

"Mchana analala hata akila. Tonge liko mkononi."

"Homa alikuwa nayo?"

"Mwezi uliopita. Tukampa dawa ya malaria, haikwisha."

"Mna ng'ombe?"

"Wawili. Tumewanunua mnadani baada ya mavuno."

Hapo mganga huacha kuandika, akachukua sindano, akakitoboa kidole cha mgonjwa, na tone la damu likapelekwa chini ya darubini.