Haki ya Mwili Baada ya Mazoezi

Asubuhi ya Jumamosi au Jumapili, katika viwanja vingi vya pwani yetu, utawakuta watu wa makamo wamevaa jezi za timu za maveterani, nao aghalabu wameshinda vitini wiki nzima, ofisini au dukani. Kisha mpira ukianza hukimbia kwa hamasa ile ile waliyokuwa nayo walipokuwa vijana wa miaka 20. Siwalaumu kwa kukimbia, kwani anayeacha mazoezi kwa kisingizio cha umri huidhulumu nafsi yake. Ninalowahofia ni ile siku moja ya taabu kubwa isiyotanguliwa na maandalizi wala kufuatiwa na mapumziko.

Tangu umri wa miaka 30 hivi, uwezo wa mwili kutumia oksijeni hupungua kadiri ya asilimia 10 katika kila miaka 10 kwa mtu asiyejishughulisha, ilhali kwa mwenye kudumu katika mazoezi, yakiwemo makali, upungufu huo huweza kuwa nusu yake tu. Basi ukali wenyewe ni dawa. Lakini misuli haipati nguvu uwanjani. Pale huchoka na kuchanika michaniko midogo midogo, na nguvu huja baadaye, katika usingizi mzito na kwa chakula cha kujenga mwili, na hapa ndipo umri unapodai haki yake: usingizi ule mzito hupungua, na misuli ya mzee huhitaji samaki, mayai, maziwa au maharage mengi zaidi katika mlo mmoja ili ijijenge kama ya kijana.

Kano ni nzito zaidi kupona, madhali damu iifikiayo ni kidogo. Ile ya kisigino, inayounganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino, hukatika kwa wanaume wa makamo katika mchezo wa ghafla kama huu, na wengi wao husimulia jambo lile lile: walihisi wamepigwa teke kwa nyuma, wakageuka kumtafuta aliyewapiga, wasimwone mtu. Kupona kwake ni kwa miezi, si kwa wiki.

Tazama wanavyofanya mabingwa. Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9, akiwa na miaka 37, alikuwa na, kambini kwake huko Kaptagat, Kenya, siku tatu za mazoezi makali katika wiki, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na siku nyingine akikimbia polepole, polepole ya kweli. Edna Kiplagat naye alikuwa na miaka 41 katika marathoni ya Boston ya 2021, ambayo ushindi wake alipewa baada ya aliyemtangulia kufutiwa matokeo. Ikiwa hao, ambao kazi yao ni kukimbia, hawathubutu kuwa wakali kila siku, sembuse karani au mwalimu mwenye miaka 50?

Kosa la wengi, kwa rai yangu, ni kufanya kila siku zoezi la nusu ukali, lisilojenga wala kupumzisha. Mtu wa miaka 50 zinamfaa siku mbili kali katika wiki, zikitenganishwa kwa saa 48 au 72, na siku mbili za kuinua vitu vizito; siku zilizobaki atembee au akimbie kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Tena ahesabu mapigo ya moyo wake asubuhi kabla hajainuka kitandani, na akiyakuta yamezidi desturi yake kwa mapigo saba au zaidi, zoezi kali aliahirishe bila kuona haya.

Nawe msomaji uliyepita miaka 40, hasa ukiwa na kisukari au shinikizo la damu, mwone tabibu kabla ya kuanza. Na ukipatwa na maumivu ya kifua katikati ya mchezo, toka uwanjani hima uende hospitali, wala usingoje kipenga cha mwisho.