Maji ya kioo yakikataa kuruka: pima umeme kabla ya kununua pampu

ARUA, Uganda – Lami ya kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba imerahisisha safari za malori yanayopeleka bidhaa Kongo na Sudan Kusini. Lakini ng'ambo ya mipaka hiyo barabara nyingi bado ni za udongo. Wakati wa kiangazi, kati ya Desemba na Machi, lori linalotangulia humwachia anayefuata wingu la vumbi jekundu. Waipa zikisugua vumbi kavu, kioo hukwaruzika, na usiku taa za gari linalokuja humfanya dereva asione njia.

Kwa sababu hiyo, hitilafu ya maji ya kioo inafaa kumalizwa Pajulu au Arua mjini kabla ya kushika njia ya mpakani. Wengi huambiwa pampu imekufa, wananunua mpya, na maji bado hayatoki kwa kuwa ubovu ulikuwa kwenye waya.

Kwanza, dereva ahakikishe tangi lina maji. Kisha afungue swichi bila kupiga stata na kubonyeza maji, huku mwenzake akisikiliza karibu na tangi. Pampu ikinguruma, umeme upo. Hapo aangalie mpira uliochomoka au kutoboka, na vitundu vilivyozibwa na vumbi. Hivyo huzibuliwa kwa pini.

Kukiwa kimya, iangaliwe fyuzi. Iliyokatika ibadilishwe kwa nyingine ya ampea zilezile. Kufunga waya mahali pake kunaweza kuunguza gari pamoja na mzigo. Fyuzi mpya ikikatika pia, plagi ya pampu ichomolewe na fyuzi nyingine ijaribiwe. Isipokatika, pampu ndiyo mbovu. Ikikatika tena, upo waya uliochubuka unaogusa bodi.

Fyuzi ikiwa nzima, plagi ichomolewe na taa ya kupimia iunganishwe kwenye pini zake mbili wakati swichi imebonyezwa. Taa iwe ya volti za gari: 24 kwa malori mengi, 12 kwa magari madogo. Taa ni bora kuliko mita hapa, kwa sababu mita inaweza kuonyesha volti kamili hata kwenye waya uliooza, usioweza kuzungusha pampu.

Ikiwaka vizuri, pini zisafishwe kutu ya kijani na pampu ijaribiwe tena. Ikibaki kimya, ibadilishwe. Taa isipowaka, waya wake mmoja ushikizwe kwenye chuma safi cha bodi na mwingine uguse pini moja moja. Ikiwaka kwenye pini mojawapo, moto unafika ila athi imekatika. Kwenye baadhi ya magari athi hiyo hupitia swichi ya usukani, kwa hiyo nayo ipimwe. Isipowaka popote, ubovu uko kwenye swichi, rilei kama ipo, au waya wa moto.

Anayenunua pampu athibitishe volti zake. Ya volti 12 huungua kwenye lori la 24. Ya 24 kwenye gari la 12 hutoa maji dhaifu.

Taa ya kupimia na fyuzi chache za akiba hazichukui nafasi garini. Ng'ambo ya Oraba au Vurra, huenda fundi wa umeme akawa mbali.