Zamrock: Roki ya Zambia iliyokaribia kupotea

Mpenzi wa muziki wa roki atakutajia haraka bendi za Uingereza na Marekani. Wachache wanajua kwamba katika miaka ya 1970 vijana wa Zambia walikuwa na roki yao, inayoitwa Zamrock.

Zamrock ni muziki gani?

Ni mchanganyiko wa midundo ya Kiafrika na roki ya saikedeliki, yaani ile ambayo sauti ya gitaa hupitishwa kwenye vifaa vya umeme mpaka ikwaruze, ivume na kuyumba kama ya ndotoni. Bendi iliyotamba zaidi ni WITCH. Mwimbaji wake, Emanyeo Chanda, anajulikana kama Jagari, jina lililotokana na Mick Jagger wa Rolling Stones. Albamu yao Lazy Bones!! ilitoka mwaka 1975. Mwaka huohuo bendi ya Amanaz ilitoa albamu iitwayo Africa.

Ulistawi vipi?

Rais Kenneth Kaunda aliagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Wazambia. Bendi za nyumbani zikasikika. Nazo fedha za migodi ya shaba ziliwapa wafanyakazi uwezo wa kununua santuri na kwenda dansini.

Kwa nini ulizimika?

Katikati ya miaka ya 1970 bei ya shaba iliporomoka, na mifuko ya watu ikakauka. Vita katika nchi jirani vilileta amri za kutotoka nje usiku, hivyo bendi zikalazimika kupiga mchana. Baadaye disko likawavuta vijana, kisha UKIMWI ukaua wanamuziki wengi. Jagari akageukia kuchimba vito.

Ulirudi vipi?

Santuri chache zilizobaki zilitafutwa na wakusanyaji wa ng'ambo. Kampuni ya Now-Again ya Los Angeles ikazitoa upya, na WITCH ikapata mashabiki Ulaya na Marekani. Mwaka 2023 Jagari na wenzake walitoa albamu mpya, Zango. Wenzake wengi wa mwanzo walikuwa wameshafariki, bila kuionja sifa hiyo.

Basi kama nyumbani kuna santuri au kanda za zamani, usizitupe wala kuwapa watoto wachezee. Huenda nakala hiyo ndiyo pekee iliyobaki. Na ukiwa na bando, tafuta Lazy Bones!! mtandaoni usikilize.