Kufunga Trela la Maji kwenye Pikapu: Vuta Kwanza, Ondoka Baadaye

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka taratibu. Mlio wa injini ya dizeli, halafu mlio wa mnyororo juu ya chuma.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza na madereva, wasaidizi wao, na vijana wa kujitolea wanaoitwa haraka pale maji yanapokosekana. Mada yetu ni kufunga trela nyuma ya pikapu. Wengine hapa Bujumbura huliita remorki. Jina lolote utakalotumia, hatari ni ileile.

Kwa nini tuzungumze habari ya trela katika kipindi cha misaada? Kwa sababu maji ya dharura hayatembei yenyewe. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, mvua kubwa iliporomosha maji na matope katika mitaa ya kaskazini mwa jiji letu, Kamenge na Kinama ikiwemo, na zaidi ya watu 60 walipoteza maisha. Mwaka 2020 mafuriko ya mto Rusizi yaliwaondoa maelfu ya watu wa Gatumba majumbani mwao. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda tena na kuingia kwenye makazi. Tarehe 1 Januari 2023 serikali ilitangaza mlipuko wa kipindupindu. Kila mara, swali la kwanza huwa moja: maji safi yatawafikiaje watu?

Mara nyingi jibu ni tanki juu ya trela, nyuma ya pikapu. Kipimo kinachotumiwa na mashirika ya misaada duniani ni angalau lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku. Kwa hiyo trela la lita 1,000 linatosha watu 66 tu kwa siku moja. Likianguka njiani, watu hao wanakaa bila maji. Na likichomoka, linaweza kuua watu wengine kabla halijafika.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Sasa fikiria uko Gihosha. Unaijua Gihosha: mtaa umepanda mlimani, na barabara zake nyingi zinateremka kuelekea mjini. Trela likichomoka huku juu halisimami lilipo. Linateremka, na huko chini kuna wanafunzi, akina mama wenye ndoo kichwani, na waendesha baiskeli. Ndiyo maana leo tunakuomba ushike neno moja: usiamini macho yako, amini mvuto. Trela linaweza kuonekana limefungwa kumbe limekaa tu. Utajua limefunga pale utakapolivuta nalo likakataa kuachia.

Tuanze na uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tanki la lita 1,000 likijaa ni kilo 1,000, yaani tani moja, na hapo hujahesabu chuma cha trela lenyewe, pampu na mabomba. Katika nchi nyingi trela linalozidi kilo 750 kwa jumla halivutwi bila breki zake lenyewe. Trela la maji la tani moja limeshavuka kipimo hicho. Kama halina breki, usilijaze. Soma pia kitabu cha gari na kibao cha trela. Usikisie kwa kuangalia ukubwa wa injini. Injini inaweza kuvuta mzigo ambao breki haziwezi kuusimamisha.

Jambo la pili kuhusu maji: yanacheza. Tanki lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa kabisa. Ukipiga breki, maji yote hukimbilia mbele. Ukikata kona, hukimbilia pembeni na kulivuta trela nayo. Kwa hiyo, inapowezekana, safiri tanki likiwa limejaa au likiwa tupu. Ukilazimika kusafiri na nusu, nenda polepole zaidi kuliko ulivyozoea.

Jambo la tatu ni mahali pa kuweka mzigo. Trela lenye uzito mwingi nyuma ya magurudumu huyumba kama mkia wa samaki. Pampu, mabomba na madumu yawekwe upande wa mbele. Kanuni ya jumla ni kwamba karibu kilo 10 katika kila kilo 100 za trela zikae juu ya ndoano ya gari. Lakini usizidishe uzito ulioandikwa kwenye ndoano yenyewe.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Tuje kwenye kufunga. Ukiwa na kalamu, andika.

Hatua ya kwanza: tafuta mahali tambarare. Kama Gihosha yote ni mteremko kwako, tumia uwanja wa shule, wa kanisa au wa ofisi. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya trela. Kabari ya mbao ni bora kuliko jiwe la mviringo linaloteleza. Kaza breki ya mkono ya trela.

Hatua ya pili: linganisha tufe na kikombe. Tufe ni lile la chuma lililo nyuma ya gari. Kikombe ni ile sehemu ya trela inayolifunika. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu magari yetu na matrela yetu yametoka nchi mbalimbali. Ulaya na nchi nyingi hutumia tufe la milimita 50. Marekani hupima kwa inchi, na wana matufe ya karibu milimita 48, 51 na 59. Kikombe kikubwa juu ya tufe dogo kitafunga vizuri machoni pako, kisha kitaruka kwenye shimo la kwanza. Kipimo kimechongwa juu ya tufe na juu ya kikombe. Kama kutu imekifunika, kisugue hadi ukisome. Kama huwezi kukisoma, pima. Usibahatishe. Trela lako likiwa na pete badala ya kikombe, na gari likiwa na kulabu kama yale ya kijeshi, kanuni ni hiyo hiyo: pete na kulabu vilingane, na pini ya kulabu iwe mahali pake.

Hatua ya tatu: kurudi nyuma. Awepo mtu mmoja tu wa kumwongoza dereva, si watu watano wanaopiga kelele. Asimame pembeni, upande wa dereva, mahali anapoonekana kwenye kioo. Dereva, usipomwona msaidizi wako, simama hapo hapo. Na wewe msaidizi, usiingie kamwe kati ya gari na trela gari likiwa linatembea. Usijaribu kulisogeza trela kwa mkono ili likutane na tufe. Vidole na miguu mingi imepondwa kwa haraka ya aina hiyo. Dereva asimamishe gari, akaze breki ya mkono, azime injini, ndipo msaidizi akaribie.

Hatua ya nne: shusha kikombe juu ya tufe na ufunge kufuli lake kwa pini. Inama uangalie kwa chini: tufe lazima liwe ndani kabisa, na ulimi wa kufuli uwe umelishika kwa chini. Kisha fanya jaribio la kuinua. Zungusha gurudumu dogo la mbele la trela kana kwamba unataka kuliinua trela. Nyuma ya gari ikipanda pamoja nalo, limefunga. Kikombe kikiinuka peke yake, halikufunga, anza upya.

Hatua ya tano: minyororo. Iwe miwili, na ivuke msalaba chini ya mkono wa trela. Kwa nini msalaba? Kwa sababu kikombe kikichomoka, mkono wa trela utaangukia juu ya minyororo, hautachimba barabara. Ifunge kwenye chasisi ya gari, si kwenye tufe. Iwe na ulegevu wa kutosha kukata kona, lakini isiburuze chini. Kama trela lina waya wa breki ya dharura, ufunge nao mahali pake kwenye gari. Kazi yake ni kukaza breki za trela likichomoka. Ukiuzungushia tufe tu, unaweza kuteleza na kutoka, na hautafanya kazi siku utakapouhitaji.

Hatua ya sita: taa. Chomeka plagi, kisha dereva akanyage breki na kuwasha kiashiria cha kulia na cha kushoto, huku msaidizi akiangalia nyuma. Umeme ukikatika mtaani usiku, trela lisilo na taa halionekani na mwenye pikipiki hadi amelifikia.

Hatua ya saba, na hii ndiyo moyo wa kipindi cha leo: vuta. Kabari bado zipo, breki ya trela bado imekazwa. Dereva aweke gia ya kwanza na aachie klachi taratibu mpaka gari lijaribu kusogea, kisha asimame. Trela likikataa na kikombe kisitoke, kazi imekamilika. Ndipo uinue gurudumu dogo la mbele, uachie breki ya trela, na uondoe kabari mwishoni kabisa. Endesha kama meta 50, simama, kagua tena. Kagua tena baada ya kilomita chache, kwa sababu mashimo hulegeza vitu.

(Mlio wa gari likiteremka kwa gia ndogo.)

MTANGAZAJI: Sasa unateremka. Tumia gia ileile ndogo ambayo ungeitumia kupanda mlima huo, na uiweke kabla ya kuanza kushuka, si katikati. Ukiegemea breki peke yake, zitapata moto na kuacha kushika. Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta mahali salama usimame, weka kabari, na usubiri zipoe. Trela likianza kuyumba, usipige breki kwa nguvu wala usikate usukani huku na huku. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, uache mwendo upungue.

Mtu asipande juu ya trela, hata kama ni msaidizi wako na safari ni fupi. Na tunalijua jambo moja la nchi yetu: kwenye barabara ya kupanda Bugarama vijana wa baiskeli hushika malori yawavute. Wengine wamekufa. Nyuma ya trela ni hatari zaidi, kwa sababu dereva hawaoni kabisa. Ukiwaona, punguza mwendo, simama kwa usalama, waombe waachie kwa maneno mazuri.

Ukifika, usisahau kwamba trela huua pia wakati wa kulifungua. Kabari kwanza, breki ya trela pili, shusha gurudumu dogo hadi libebe uzito. Halafu taa, waya na kikombe. Minyororo iwe ya mwisho kutoka, ukishahakikisha trela limetulia.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Wasikilizaji wengine watauliza: na yale malori makubwa yanayotoka bandari ya Dar es Salaam, mbona hayana tufe? Hayo hutumia kile madereva wanachokiita gurudumu la tano. Si gurudumu la kutembelea. Ni sahani nzito ya chuma juu ya ekseli ya nyuma ya kichwa cha lori, yenye taya zinazokamata pini nene iliyo chini ya trela. Marekani wapo wanaoweka sahani ndogo kama hiyo katika bodi ya pikapu, kwa sababu uzito ukikaa juu ya ekseli gari hutulia zaidi. Ukikutana nayo, kanuni haibadiliki. Chungulia kwa chini: usione mwanga kati ya sahani na trela, na taya ziwe zimeizunguka shingo ya pini. Kisha vuta, miguu ya trela ikiwa bado chini. Trela likichomoka hapo, miguu italidaka.

Mpenzi msikilizaji, hatua hizi zote huchukua dakika chache. Watu wenye madumu wanakungoja, nawe unaona aibu kuwachelewesha. Usione aibu. Wanahitaji maji yafike, nawe ufike pamoja nayo. Vuta kwanza, ondoka baadaye. Kwaheri hadi kipindi kijacho.

(Muziki wa kipindi unapanda na kumalizika.)

MASWALI YA KUZUNGUMZA BAADA YA KIPINDI

1. Tufe la gari lenu na kikombe cha trela lenu vina kipimo gani? Nendeni mkasome sasa.
2. Trela lenu likijaa lina kilo ngapi? Je, lina breki zake?
3. Nani kati yenu ndiye mwongozaji wakati wa kurudi nyuma, na mnatumia ishara gani ya kusema "simama"?
4. Kabari zenu ziko wapi leo?