Kupima thamani ya sinthesaiza za majaribio

Sinthesaiza ya kompyuta ni programu inayounda sauti kwa hesabu tupu, bila waya wala ngozi ya ngoma. Zile za majaribio haziigi piano wala tarumbeta. Hutafuta sauti ambazo hakuna chombo kilichowahi kuzitoa. Surge XT hupatikana bure na Vital ina toleo la bure, kwa hiyo prodyuza wa studio ndogo mjini Mpanda hapimi kwa bei.

Kwanza huangaliwa kompyuta yenyewe. Kwa kawaida sauti hukatwa vipande 44,100 kwa sekunde. Kompyuta ikiandaa vipande 512 kwa mkupuo, ucheleweshaji ni kama milisekunde 12, na mpigaji hahisi kitu. Programu nzito ikiilazimisha kuandaa 2,048, ucheleweshaji hufika 46: kidole kimeshagonga, sauti ndiyo kwanza inakuja.

Pili ni mwendo wa muziki. Singeli ya Dar es Salaam huvuka mapigo 200 kwa dakika. Kwenye mapigo 240, robo ya pigo ni milisekunde 62 na ushei, hivyo sauti inayohitaji 100 kupanda humezwa na inayofuata, hata ikiwa tamu namna gani ikisikilizwa peke yake. Wingi wa vitufe nao si hoja. Maprodyuza wa studio ya Sisso ya Dar es Salaam, ambao kazi zao zilitolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, walifika masikioni mwa Ulaya kwa vifaa vya kawaida kabisa.

Usafi hupimwa kwa kupandisha noti moja polepole hadi juu kabisa. Zikisikika sauti nyingine zikishuka wakati noti inapanda, hesabu ya programu ina kasoro. Wapo wanaoipenda kasoro hiyo, na si kosa, mradi wameichagua.

Kipimo kinachosahaulika ni upatanisho. Ilimba, ala ya vidole ya Wagogo, hufuata mfululizo wa sauti za asili (harmoniki), na ile ya saba huwa chini ya noti ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu toni. Anayetaka kuchanganya biti na muziki wa namna hiyo, au na uimbaji wa Wapimbwe na Wakonongo wa Katavi ikiwa haufuati kinanda, anahitaji programu inayokubali faili la upatanisho. Surge XT na Vital hulikubali.

Mwisho ni uhai wa programu. Msimbo wa Surge ulifunguliwa mwaka 2018, na wengine wakauendeleza. Programu ambayo msimbo wake haujafunguliwa inaweza kufa na mwenyewe, ndiyo maana kila sauti iliyotumika huhifadhiwa pia kama faili la WAV.