Kishindo Karibu na Nyota ya Tausi

Sogeeni, wajukuu zangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi, na uongo sitautia hata chembe.

Ikifika katikati ya Septemba, yapata saa tatu usiku, tokeni nje mtazame kusini. Mkiwa Dar es Salaam au Mombasa mtaiona nyota ya Tausi imepanda, chini kidogo ya nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Jina hilo si la kale. Waingereza waliipa katika miaka ya 1930, kwa kuwa marubani wao wa kivita walihitaji nyota za kuwaongoza na hii haikuwa na jina la kuitia. Sasa nyoosheni mkono, mweke kidole gumba kando ya nyota hiyo, upande wa kulia. Pale kinapoishia kidole hamtaona kitu. Hapo ndipo penye hadithi yangu.

Hapo pana kundi la galaksi liitwalo Abell 3667. Galaksi ni mkusanyiko wa nyota mabilioni kwa mabilioni. Jua letu limo katika ile tunayoiita Njia Nyeupe. Kundi hili lina galaksi zaidi ya 500. Nuru yake imesafiri miaka milioni 700 hivi kutufikia, na ilipoanza safari hata samaki hawakuwapo duniani. Na hilo mnaloliita kundi moja, kwa kweli ni makundi mawili yaliyovutana kwa uzito wao mpaka yakavaana. Wataalamu wanakadiria kwamba yalianza kuvaana miaka bilioni moja iliyopita, na mambo hayajatulia.

Najua mnachofikiri: nyota zinapasuka, cheche zinaruka. La, hakuna hayo. Nyota zimeachana mno, na galaksi nazo zimeachana mno, kwa hiyo zinapishana bila kugusana. Kinachogongana ni gesi. Nafasi yote iliyo kati ya galaksi hizo imejaa gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi, na ukiipima yote ni nzito kuliko nyota zote za kundi zikiwekwa pamoja. Lakini imetawanyika mno: katika lita nzima unaweza kukuta chembe moja tu, na ukienda pembezoni hata hiyo moja huipati.

Shuleni mmefundishwa kwamba angani hakuna sauti. Mwalimu hakukosea, ila hakumaliza. Penye gesi, hata nyembamba kiasi hicho, msukumo hupita kutoka chembe hadi chembe, na sauti ni msukumo huo. Katika hewa yetu inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde. Katika gesi ile ya moto inapita kilomita 1,000 kwa sekunde. Makundi mawili yanapovaana, msukumo wake unaishinda hata kasi hiyo. Gesi ya mbele haipati taarifa mapema, inakumbwa tu: inabanwa na kupashwa joto papo hapo. Hilo ndilo wimbi la mshtuko. Ngurumo ya radi nayo huanzia kwenye wimbi la namna hiyo, ingawa la radi hufifia upesi. Yale ya Abell 3667 yako mawili, moja kaskazini-magharibi na jingine kusini-mashariki, yakikimbia kila moja upande wake kutoka katikati. Mng'ao wa redio unaoonyesha lile kubwa umetanda miaka nuru zaidi ya milioni 6, karibu mara 60 ya upana wa Njia Nyeupe.

Tumelijuaje, nanyi hamlioni? Sikilizeni hapa, maana ndipo penye utamu. Ndani ya gesi hiyo mna elektroni, zile chembe zinazobeba umeme kwenye waya, na mna sumaku hafifu iliyovurugika. Mnaujua mchezo wa rede: wawili wanarushiana mpira, wa katikati anakwepa. Mwondoeni wa katikati. Kisha warushaji wawe wanasogeleana, na kila mmoja aurudishe mpira kwa nguvu kuliko alivyoupokea. Elektroni inayonaswa kwenye wimbi la mshtuko hurushwa hivyo, huku na huku, na sumaku za mbele na za nyuma ya wimbi, mpaka inakaribia kasi ya nuru. Ikiisha kupata kasi hiyo, sumaku huizungusha, na kila inapopindishwa inatoa mawimbi ya redio. Kwa kuyatoa inachoka. Baada ya miaka milioni 100 hivi haina tena nguvu ya kuonekana, ndiyo maana mng'ao wa redio hukolea kwenye ukingo wa wimbi na kufifia nyuma yake.

Mawimbi hayo yanadakwa na MeerKAT, madishi 64 yaliyosimama kwenye nyika kame ya Karoo, Afrika Kusini, kila moja upana wa mita 13.5. Simu za mkononi ni marufuku huko, kwa sababu mawimbi yake ni ya jamii ileile na yangefunika yale ya mbali. Watu husema wanasayansi "wanasikiliza" anga. Mimi sipendi kauli hiyo. Hakuna aliyevaa spika masikioni. Madishi yanapokea, kompyuta zinapiga hesabu, na mwisho inatoka picha, yenye rangi zilizopakwa na binadamu. Picha ya MeerKAT ya Abell 3667 iliyotangazwa mwaka 2022 ilionyesha kwamba mng'ao huo si utando laini. Ni nyuzinyuzi, nyingine nene nyingine nyembamba, zinazofuata mikondo ya sumaku.

Limebaki fumbo moja. Wimbi lenyewe halina nguvu ya ajabu: kasi yake ni kama mara mbili tu ya sauti ya gesi ile. Hesabu zinakataa kwamba wimbi dhaifu hivyo laweza kuchukua elektroni zilizopoa na kuzifikisha karibu na kasi ya nuru kwa wingi unaoonekana. Mwaka 2017 watafiti walionyesha njia mojawapo katika makundi mengine, Abell 3411 na 3412. Huko, shimo jeusi katikati ya galaksi moja lilikuwa limetema elektroni zamani. Zilikuwa zimeanza kuchoka, wimbi likazipitia, zikawaka upya. Hazikuanzia sifuri. Kwangu mimi jibu hilo linaridhisha, lakini si kila wimbi limepatikana na shimo jeusi lililoliandalia elektroni, na ubishi unaendelea.

Pale Karoo sasa yanajengwa madishi mengine, yatakayoungana na hayo 64 yafike 197 katika mradi uitwao SKA. Kenya na Msumbiji ni miongoni mwa nchi za Afrika zilizoshirikishwa. Mwenye kupenda hesabu na fizikia miongoni mwenu asizitupe. Kazi ipo, na bado haijapata watu wa kutosha.